Kakangu ana sarkoidosi: je, antibayotiki itamponya?

Swali: Assalamu alaykum, Daktari. Naandika kutoka Lamu. Kakangu ana miaka 39, ni mvuvi, anakaa Matondoni. Mwaka jana alianza kukohoa na kuishiwa pumzi, akapewa dawa za kifua kikuu miezi sita ingawa makohozi hayakuonyesha kitu. Hakupata nafuu. Tukampeleka Mombasa, akakatwa kinyama kwenye tezi ya shingoni, tukaambiwa ni sarkoidosi, akaanzishiwa prednisoloni. Kikohozi kimepungua, lakini uso umevimba, usingizi hapati, na amekuwa mkali kwa wanawe, jambo ambalo si tabia yake. Sasa mpwa wetu amesoma mtandaoni kwamba ugonjwa huu unaletwa na bakteria, kwamba madaktari wanalificha hilo, na kwamba mtu akimeza antibayotiki kwa muda mrefu na kujiepusha na jua na samaki anapona kabisa. Ameshamnunulia doksisaiklini dukani, na kakangu anataka kuitupa prednisoloni. Naogopa. Je, ni kweli ni bakteria? Na mvuvi atajiepushaje na jua na samaki?

Jibu:

Waalaykumu salaam, dada yangu. Pole kwa kuuguza.

Nitajibu yote uliyouliza, lakini kuna moja lisilongoja: kakako asiiache prednisoloni ghafla. Mtu akishameza dawa hii zaidi ya wiki tatu hivi, tezi mbili zilizokaa juu ya figo, ambazo kwa kawaida hutengeneza homoni ya aina hiyo hiyo, hulala. Ukiikata dawa leo, tezi haziamki leo. Mtu huishiwa nguvu, hutapika, presha hushuka, na akipatwa na homa au jeraha katika hali hiyo anaweza kufa. Fikiria hayo yakimkuta baharini usiku, mbali na pwani. Prednisoloni hupunguzwa kidogo kidogo, kwa wiki na miezi, chini ya daktari. Na kama ameshaiacha tangu uliponiandikia, mpeleke hospitali leo hii, usingoje siku ya kliniki.

Sasa tuje kwenye bakteria.

Mpwa wenu hakuokota uzushi mtupu, na ningependa umwambie hivyo, kwa sababu kijana anayemsomea mjomba wake usiku kucha anastahili kujibiwa kwa hoja. Wazo la kwamba sarkoidosi ina uhusiano na bakteria ni la zamani kuliko sisi sote. Daktari wa ngozi wa Norway, Caesar Boeck, ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina mwaka 1899, na yeye mwenyewe aliamini kwamba ni kifua kikuu cha namna ya pekee au ndugu yake wa karibu. Tangu hapo watafiti hawajaacha kumsaka mdudu huyo. Hakuna aliyeficha. Kila nitakachokueleza hapa kimechapishwa na kusomwa na watu wa fani hii duniani kote.

Kakako ni mvuvi, kwa hiyo muulize kuhusu mwiba wa samaki taa. Mtu akichomwa na taa na kipande cha mwiba kikabaki ndani ya nyama, mwili unashindwa kukiyeyusha, kwa hiyo unakizingira. Miezi ikipita unapapasa chini ya ngozi unakuta kifundo kigumu, ukikibonyeza kinauma. Taa mwenyewe alishaogelea zake zamani. Kifundo kimebaki.

Sarkoidosi ni ugonjwa wa vifundo vya namna hiyo, ila ni vidogo mno, na vinaota kwenye mapafu, kwenye tezi za kifuani na shingoni, kwenye ngozi, macho, ini, na mara nyingine moyo au ubongo. Vinaitwa granuloma. Nakumbuka mara ya kwanza mtaalamu wa patholojia, yaani mchunguzi wa vinyama vya wagonjwa, aliponiita nitazame kwenye darubini yake. Niliona duara za rangi ya waridi zimebanana kama mayai ndani ya tumbo la samaki, kila moja imefungwa vizuri, kingo safi. Akateleza kioo kingine chini ya lenzi, cha mgonjwa wa kifua kikuu: duara zile zile, lakini katikati pameoza, pamekuwa kama maziwa yaliyokatika. Akaniambia, tofauti uliyoiona ndiyo hiyo, ila usiiamini peke yake. Neno hilo nitalirudia mbele.

Basi, kama granuloma ni kifundo, mwiba uko wapi? Kwa watu wachache mwiba umepatikana. Miaka ya 1940 huko Marekani, wafanyakazi wa viwanda vya taa za mirija waliugua mapafu, wakaambiwa wana sarkoidosi, mpaka ilipogundulika kwamba walikuwa wakivuta vumbi la madini ya berili. Ugonjwa wao ukapewa jina lake, ukatolewa kwenye hesabu ya sarkoidosi. Kwa wengine wote bado tunatafuta, na bakteria wako juu kabisa kwenye orodha ya washukiwa.

Mshukiwa wa kwanza ni jamaa za kifua kikuu. Mwaka 2007 watafiti walikusanya tafiti 31 zilizochunguza vinyama vya wagonjwa 874 wa sarkoidosi, wakakuta chembe za vinasaba vya bakteria wa jamii hiyo kwa karibu robo yao, mara nyingi zaidi kuliko kwa watu wasio na ugonjwa. Kabla ya hapo, mwaka 2005, timu moja ya Marekani ilikuwa imekwenda kwa njia nyingine. Kulikuwa na kipimo cha zamani kilichoanzishwa na Mnorway Ansgar Kveim mwaka 1941: unachukua kinyama cha tezi au wengu wa mgonjwa wa sarkoidosi, unakisaga na kukichemsha, unamdunga mtu mwingine kidogo ndani ya ngozi, na kama naye ana sarkoidosi, baada ya wiki nne hadi sita granuloma inaota pale pale ulipodunga. Kipimo hiki kimeachwa, kwa hofu ya kuambukiza watu magonjwa mengine, lakini hebu kifikirie. Ndani ya ule mchuzi uliochemshwa mna kitu kisichoyeyuka, kisicho hai, ambacho mwili wa mgonjwa unakitambua na kukijengea kifundo. Watafiti wale wakatafuta protini zenye ugumu wa namna hiyo katika vinyama vya wagonjwa, wakakuta mojawapo ni ya bakteria wa kifua kikuu, na karibu nusu ya wagonjwa waliopimwa walikuwa na kingamwili dhidi yake.

Mshukiwa wa pili ametoka Japani, na ni yule yule anayeishi kwenye chunusi za vijana: Cutibacterium acnes, ambaye zamani aliitwa Propionibacterium acnes. Mwaka 1984 Wajapani walifanikiwa kumwotesha maabara kutoka kwenye tezi 31 kati ya 40 za wagonjwa wa sarkoidosi. Mwaka 2002, Yoshinobu Eishi na wenzake walipima tezi za wagonjwa 108 wa Japani na Ulaya, wakakuta vinasaba vya bakteria wa jamii hiyo karibu katika zote, isipokuwa mbili tu. Ushahidi mzito huo. Tatizo ni kwamba bakteria huyu anaishi ndani yetu sote, kwenye vinyweleo vyako na vyangu, na hata kwenye tezi za watu wazima wa afya zao anakutwa, ingawa kwa uchache zaidi. Ukimkuta jirani ndani ya nyumba iliyoibiwa, hujathibitisha kwamba ndiye mwizi. Huenda alikuja kuazima chumvi.

Hapo ndipo mpwa wenu na mimi tunapoachana. Yeye anasema: mna alama za bakteria, kwa hiyo tumuue bakteria. Mimi nasema: alama za bakteria si bakteria hai. Antibayotiki huua kilicho hai. Huzuia bakteria kujenga ukuta wake, kutengeneza protini zake, kuzaana. Kama kilichobaki katika tezi za kakako ni masalio ya vita iliyopiganwa miaka kumi iliyopita, protini ngumu ambayo mwili umeshindwa kuimeng'enya na bado unaikasirikia, basi doksisaiklini kwa kitu hicho ni sawa na kumtupia mshipi taa aliyeshaondoka. Mwiba uko palepale.

Haya si maneno ya kubuni tu. Yamejaribiwa, na waliojaribu ni watu walioamini nadharia ya bakteria kuliko wengi wetu. Wonder Drake, wakati ule daktari wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt huko Marekani, alikuwa miongoni mwa waliozikuta zile chembe za kifua kikuu ndani ya granuloma. Alichukua hatua inayofuata kwa mantiki: akaunganisha dawa nne, levofloksasini, ethambutoli, azithromaisini na rifampisini, akazijaribu kwa wagonjwa. Mwaka 2013 alitoa matokeo ya watu 30 wenye sarkoidosi ya ngozi, waliogawanywa kwa kura, nusu dawa na nusu vidonge vitupu visivyo na dawa ndani yake, kwa wiki nane. Waliopata dawa, madoa yao yalipungua upana kwa wastani wa milimita 8 hivi. Waliopata vidonge vitupu hayakubadilika. Mwaka huo huo, kwa wagonjwa 15 wa mapafu, bila kundi la kulinganisha, waliomaliza dawa pumzi zao ziliongezeka. Wengine walishindwa kumaliza kwa maudhi ya dawa. Nakumbuka nilivyosisimka niliposoma. Nilikuwa na wagonjwa watatu wakati ule ambao steroidi, dawa za jamii ya prednisoloni, zilikuwa zimewatafuna, na nilitamani sana iwe kweli.

Ndipo likaja jaribio kubwa. Wagonjwa 97 wenye sarkoidosi sugu ya mapafu, waliogawanywa kwa kura, wiki 16, dawa zile zile nne dhidi ya vidonge vitupu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Kipimo cha pumzi hakikutofautiana kati ya makundi mawili. Waliomeza antibayotiki, pumzi zao zilibaki zilipokuwa. Na aliyeyaandika na kuyachapisha ni Drake mwenyewe na wenzake. Ndiyo maana neno la kwamba "madaktari wanaficha" linaniuma. Mwanamke huyu alitumia miaka mingi ya kazi yake akijenga wazo, akalipeleka kwenye mtihani ulio mgumu kuliko yote, lilipofeli akasema wazi limefeli. Ningekuwa na la kumwonyesha mpwa wenu, ningemwonyesha hilo.

Je, mlango umefungwa? Hapana. Inawezekana sarkoidosi si ugonjwa mmoja. Inawezekana wapo wachache wenye bakteria hai, na jaribio lililowachanganya na wengine halikuweza kuwaona. Wajapani nao wanaendelea kumfuatilia yule bakteria wa chunusi. Lakini nikiwa na mgonjwa mbele yangu leo, siwezi kumpa dawa nne nzito kwa sababu ya "inawezekana", wakati jaribio bora tulilo nalo limesema mapafu hayakufaidika.

Pana jambo jingine linalowachanganya watu, na hili naliona hapa Malindi kila mwaka. Sarkoidosi hujiondokea yenyewe kwa wengi. Zaidi ya nusu ya wagonjwa, na kwa hesabu nyingine hadi theluthi mbili, hupona ndani ya miaka michache, hata bila dawa yoyote. Kuna aina inayoanza kwa homa, vifundo vyekundu vya maumivu kwenye miundi na uvimbe wa vifundo vya miguu, ambayo mgonjwa hujiona anakufa, kumbe ndiyo yenye matumaini kuliko zote. Wengi wao huwa wamepona kabla ya miaka miwili kwisha. Sasa mtu aliyepona hivyo, kama alikuwa anakunywa mwarobaini, atausifu mwarobaini. Aliyekuwa analamba habasoda na asali atasifu habasoda. Aliyekuwa anameza doksisaiklini ataandika mtandaoni kwamba doksisaiklini ilimponya, na atakuwa anasema ukweli wa alichokiona. Hakuna anayeandika, "nilimeza miaka miwili, sikupona." Ndiyo sababu majaribio hugawa wagonjwa kwa kura na kutumia vidonge vitupu.

Ule mpango wa kukimbia jua na samaki naujua ulikotoka. Ni wa Trevor Marshall, mhandisi mwenye asili ya Australia, aliyeanza kuueneza mwanzoni mwa miaka ya 2000. Anasema ndani ya seli zetu wamejificha bakteria waliovua kuta zao, wanaopumbaza kinga kwa njia ya vitamini D. Tiba yake ni minosaiklini, antibayotiki ndugu ya doksisaiklini, kidogo kidogo, pamoja na olmesartani, ambayo ni dawa ya presha, mara kadhaa kwa siku, na kukwepa vitamini D yote, ya jua na ya chakula. Samaki wenye mafuta wana vitamini D, ndiyo maana wamepigwa marufuku.

Habari ya bakteria wasio na kuta iliwahi kuonekana kama ya kweli. Mwaka 1996 maabara moja ilisema imewaotesha kutoka kwenye damu ya wagonjwa 19 kati ya 20. Basi wakati wa utafiti mkubwa wa chanzo cha sarkoidosi uliofanyika katika vituo kumi vya Marekani, jambo hilo lilirudiwa kwa uangalifu: damu ya wagonjwa 197 na ya watu 150 wasio wagonjwa, wapimaji wasijue ipi ni ya nani. Vitu vile vilionekana kwa asilimia 38 ya wagonjwa na asilimia 41 ya wazima. Yaani wazima walikuwa navyo zaidi kidogo. Kwangu mimi hoja hiyo iliishia hapo. Na mpango wenyewe wa Marshall haujawahi kuthibitishwa kwa jaribio la kura. Olmesartani kwa mtu asiye na presha ya juu, anayefanya kazi ya jasho juani, inaweza kumwangusha kwa kizunguzungu ndani ya mashua na kuzitia figo taabuni. Asiiguse.

Lakini kuhusu vitamini D pana ukweli ndani yake, na ni ukweli unaomhusu mvuvi kuliko mtu mwingine. Seli za granuloma zina tabia ya kuigeuza vitamini D kuwa homoni kali bila kuomba ruhusa ya figo. Homoni hiyo hufyonza kalsiamu nyingi kutoka kwenye chakula. Kalsiamu ikizidi kwenye damu, mtu hukojoa sana, hupata kiu isiyokatika, choo kinakuwa kigumu, anachanganyikiwa, na figo zinaingia mawe. Kwa hiyo: kakako apimwe kalsiamu ya damu, na figo. Ni kipimo cha kawaida, na wengi husahau kukiagiza. Asimeze vidonge vya vitamini D wala kalsiamu bila daktari wake kujua, hata akiambiwa ni vya kulinda mifupa dhidi ya prednisoloni, mpaka damu ipimwe kwanza. Kama kalsiamu iko sawa, samaki ale. Sioni sababu ya mtu wa Matondoni kunyimwa kitoweo chake na kununuliwa soseji. Jua nalo, avae kanzu ya mikono mirefu au shati zito, kofia pana, na maji ya kunywa yawe ya kutosha chomboni. Kalsiamu ikipanda ndipo tutazungumza habari ya kupunguza saa za mchana na kuvua usiku.

Doksisaiklini nayo, aliyonunuliwa. Hii si dawa mbaya, na ina nafasi yake katika ugonjwa huu, ndogo lakini ya haki. Mwaka 2001 Wafaransa walichapisha habari za wagonjwa 12 wa sarkoidosi ya ngozi waliopewa minosaiklini. Wanane ngozi ilisafika kabisa, wawili nusu. Wengi walipoiacha, ugonjwa ulirudi. Kurudi huko kunaniambia kitu. Dawa za jamii hii hupoza uvimbe moja kwa moja, hata pasipo bakteria yeyote. Hutuliza seli zile zinazojenga vifundo. Kwa hiyo mtu akipata nafuu kwa doksisaiklini, si ushahidi kwamba bakteria ameuawa. Nami huiandika, kwa mgonjwa mwenye madoa ya ngozi ambaye mapafu, macho na moyo wake viko salama, na namweleza kwamba natuliza, sing'oi mzizi. Kwa kakako, ambaye tabu yake ni mapafu, haiwezi kushika nafasi ya prednisoloni. Na kuna jambo ambalo muuza duka hakumwambia: doksisaiklini huifanya ngozi iungue na jua upesi. Mvuvi akiimeza, baada ya siku mbili za baharini anaweza kurudi pua na mikono imebabuka. Tena, ikimezwa bila maji ya kutosha kisha mtu akalala, huchoma koo la chakula.

Zile dawa nne za Drake ndizo nisizotaka kusikia kabisa kwamba mmezitafuta. Ethambutoli inaweza kudhuru mshipa wa jicho, na sarkoidosi yenyewe hushambulia macho. Levofloksasini na azithromaisini huweza kuvuruga mapigo ya moyo, na sarkoidosi hujificha moyoni. Rifampisini hulichochea ini kuivunja prednisoloni haraka, kwa hiyo kakako atakuwa anameza kipimo kile kile huku kinachofanya kazi ni pungufu. Na kubwa zaidi: tatu kati ya hizi ni silaha zetu za kifua kikuu. Levofloksasini tunaiweka kwa ajili ya kifua kikuu sugu. Kila anayeimeza ovyo kwa miezi, katika pwani yetu hii ambako kifua kikuu kimo majumbani, anaifundisha jamii nzima ya bakteria namna ya kuishinda.

Na hapa ndipo nirudi kwenye lile neno la mtaalamu wa patholojia: usiiamini darubini peke yake. Kwa mgonjwa wa Lamu, swali la bakteria lenye uzito kuliko yote ni hili: je, tuna hakika kabisa si kifua kikuu?

Zamani, nikiwa bado kijana kazini, nilimpa mama mmoja mwalimu dawa za kifua kikuu. Makohozi yake hayakuwa na kitu, ila picha ya kifua ilikuwa na tezi kubwa pande zote mbili, sawia, na kwa macho ya wakati ule kila kivuli kifuani kilikuwa kifua kikuu. Alimaliza miezi sita bila kukosa siku. Akarudi macho mekundu, yanauma mwangani. Nikadhani ni macho ya kawaida, nikampa matone. Ilikuwa sarkoidosi, imeingia machoni. Tulipokuja kuigundua, jicho la kushoto lilikuwa limepungua nuru, na halikurudi. Nikimwona njiani bado hunisalimia kwa heshima, akigeuza kichwa ili anione kwa jicho zima. Nimekaa na kosa lile miaka yote hii.

Nimeona na kinyume chake. Mtu kaambiwa sarkoidosi kwa haraka, kapewa steroidi, kumbe kifua kikuu kimelala ndani. Steroidi hukilegezea kamba, na ndani ya wiki chache kinatapakaa mwilini. Hatari hii ya pili ni ya upesi kuliko ya kwanza. Kwa bahati njema kakako ameshamaliza dawa za kifua kikuu bila nafuu, na prednisoloni imempunguzia kikohozi; yote mawili yanaunga mkono sarkoidosi. Hata hivyo nenda na karatasi zake zote, uulize waziwazi: kile kinyama cha shingo kilipimwa kwa GeneXpert, mashine inayosaka vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu? Kiliwekwa kioteshwe maabara, na majibu, ambayo huchukua wiki kadhaa, mtu aliyafuata? Alipimwa virusi vya UKIMWI? Kipimo cha kifua kikuu cha kudunga ngozi kisikutulize, kwa sababu kwa mgonjwa wa sarkoidosi mara nyingi hakivimbi hata kama alishawahi kukutana na kifua kikuu. Na akianza homa za jioni, jasho la usiku la kulowesha shuka au kukonda wakati yuko kwenye prednisoloni, msiseme ni dawa. Arudi apimwe makohozi upya. Vipimo hivyo na dawa za kifua kikuu ni bure katika vituo vya serikali.

Siku hiyo hiyo ombeni apimwe umeme wa moyo (ECG), kipimo kisichochukua dakika kumi, na aonwe na daktari wa macho hata kama macho hayamuumi. Akiwahi kuzirai, au moyo kudunda ovyo, hilo lisingoje siku ya kliniki.

Yanayomsumbua sasa, uvimbe wa uso, usingizi na ukali, ni ya prednisoloni kweli, na asidharauliwe kwa kuyalalamikia. Mweleze mkewe na watoto kwamba ukali ule ni wa kidonge. Ajaribu kuimeza yote asubuhi, pamoja na chakula. Ikimezwa jioni hufukuza usingizi. Mwezi wa Ramadhani ukifika, azungumze na daktari mapema kuhusu kuihamishia daku. Asijipunguzie mwenyewe ili afunge. Apimwe sukari na presha kila kliniki.

Kisha mwulizeni daktari wake kuhusu methotreksati, dawa nyingine ya kupoza kinga ya mwili. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Uholanzi kwa wagonjwa 138 wa sarkoidosi ya mapafu ambao hawakuwahi kutibiwa: walioanza na methotreksati mapafu yao hayakuwa nyuma ya walioanza na dawa ya steroidi. Ni dawa ya mara moja kwa wiki. Narudia, kwa wiki, maana waliomeza kila siku kwa kutoelewa wamekufa. Dawa hii inahitaji vipimo vya damu na ini, na mwanamume anayetarajia mtoto aseme kabla ya kuanza. Haitamwondolea prednisoloni kesho, lakini inaweza kuwa njia ya kuishusha polepole mpaka kipimo kidogo ambacho uso wake na wanawe wataweza kukaa nacho.

Zile doksisaiklini zilizobaki, mpwa wenu azifunge aende nazo kliniki siku hiyo, na yeye mwenyewe aingie chumbani kwa daktari pamoja na mjomba wake. Maswali aliyonayo ni mazuri, na ni bora ayaulize pale.